Dishi jipya Kibosho: nitajuaje kwamba linapokea mawimbi sawasawa kabla sijamlipa fundi mara ya pili?

Mwana wa Kibosho:

Nawasalimu nyote. Jumamosi iliyopita nilimfungia mama yangu dishi la sentimita 90 nyumbani kwetu Kibosho, nikimtumia fundi niliyeelekezwa na muuza duka mmoja wa mjini Moshi. Alipanda juu ya paa, akalielekeza dishi upande wa magharibi, akashuka, akawasha king'amuzi, picha ikatokea, akalipwa na kuondoka. Kazi yote haikufika saa moja na nusu. Jumatatu jioni iliponyesha mvua, tena si ile mvua ya masika tunayoijua, picha iliganda, ikavunjika vipande vipande, na baada ya dakika chache skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Kwa jirani yetu, ambaye king'amuzi chake ni cha aina ileile na dishi lake lina ukubwa uleule, taarifa ya habari iliendelea mpaka mwisho.

Isitoshe, ziko chaneli nne ambazo hazijaonekana tangu siku ya kwanza, hata jua likiwaka. Nilipompigia fundi, alinijibu kwamba chaneli hizo ni suala la kifurushi, na kwamba kukatika kwa picha kunatokana na Mlima Kilimanjaro kuzuia mawimbi. Setilaiti tunayoitumia ni ile iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 7 Mashariki. Menyu ya king'amuzi inaonyesha nguvu 92 na ubora 47. Ninaomba mnieleze namba hizo zina maana gani, na ni mambo gani ninayoweza kuyakagua mwenyewe, kwa kuwa mama amekwisha kuniambia kwamba redio yake ya betri haijawahi kumsumbua hivi.

Fundi wa Majengo:

Ndugu, namba ya kuitazama ni hiyo ya pili. Nguvu inaeleza tu kwamba kuna kitu kinachoingia kwenye king'amuzi kupitia waya. LNB, yaani kile kichwa kilicho mwisho wa mkono wa dishi kinachopokea mawimbi, ikiwa hai itapeleka kelele zake na kuupandisha mstari wa nguvu, hata ukiielekeza ukutani. Nimewahi kukuta nguvu 95 na ubora sifuri, dishi likiwa limeishika vizuri kabisa setilaiti ambayo mwenye nyumba hakuihitaji. Ubora ndio unaoonyesha ni kiasi gani cha kinachoingia king'amuzi kinaweza kukisoma bila makosa.

Asilimia hizo hazilingani kwa ving'amuzi vyote, kwa sababu kila mtengenezaji huzikokotoa kwa namna yake, kwa hiyo mimi siwezi kukuambia kutoka hapa kwamba 47 ni mbaya. Anayeweza kukuambia ni jirani yako. Nenda kwake siku isiyo na mawingu, mfungue menyu ileile kwenye chaneli ileile, uandike namba yake. Akiwa na 50, dishi lako halina kosa kubwa. Akiwa na 70, basi fundi wako aliondoka kabla ya kumaliza kazi.

Wengi hudanganyika na picha. Enzi za antena za analojia, kabla mitambo ile haijaanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, mawimbi hafifu yalijionyesha yenyewe kwa chenga, na mtu alijua kwamba antena inahitaji kuzungushwa. Dijitali haina chenga za namna ile: picha ya ubora 47 na picha ya ubora 80 hazitofautiani machoni, mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango ambacho king'amuzi kinaweza kukirekebisha, ndipo picha inapokufa yote kwa pamoja. Tofauti kati ya ubora wa siku ya jua na kiwango hicho ndiyo akiba yako ya mvua. Mawimbi ya madishi haya madogo yana masafa ya zaidi ya gigahezi 10, na matone ya mvua huyanyonya, kwa hiyo huko mlimani, mnakopata mvua nyingi kuliko sisi wa mjini, akiba inapaswa kuwa kubwa zaidi.

Kuhusu chaneli nne, soma ujumbe unaotokea kwenye skrini. Ukizungumzia malipo au kadi, fundi wako amesema kweli. Ukisema hakuna mawimbi, kifurushi hakihusiki. Chaneli husafirishwa katika makundi, mengine kwa mawimbi ya wima na mengine ya mlalo, na king'amuzi huiambia LNB ichukue lipi kwa kuipelekea umeme wa volti 13 kwa wima au 18 kwa mlalo. Waya mbovu au konekta yenye kutu hupunguza volti hizo njiani, LNB ikabaki kwenye wima, na chaneli za mlalo zikapotea. LNB ikiwa haijazungushwa ipasavyo kwenye kishikio chake, makundi hayo mawili huingiliana na ubora ukashuka. Kwa hiyo usipime chaneli moja tu, bali pima mbili au tatu za kila upande.

Jirani wa Sakina:

Mimi niko Arusha, na nimewahi kupata tatizo kama hilo. Huku kwetu tunaambiwa kwamba Mlima Meru ndio unaozuia, na nadhani kwa watu wa Kibosho hali ni mbaya zaidi kwa kuwa mmekaa chini kabisa ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ningekushauri ununue dishi kubwa zaidi, au kile kifaa cha kukuza mawimbi kinachofungwa kwenye waya.

Mwalimu wa Fizikia:

Kwa heshima zote kwa ndugu yangu wa Sakina, milima yetu imesingiziwa. Setilaiti hizi ziko juu ya ikweta, umbali wa takriban kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Ukiwa Moshi au Arusha, ile ya nyuzi 7 Mashariki iko magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa nyuzi zipatazo 55 kutoka upeo wa macho. Kibo ina mita 5,895, lakini kwa mtu aliyesimama Kibosho kilele chake hakifiki hata nyuzi 15, tena kiko kaskazini. Meru, yenye mita 4,566, hali yake kwa mtu wa Sakina ni hiyohiyo, nayo iko kaskazini mashariki. Dishi lililoelekezwa magharibi limeipa milima hiyo ubavu au mgongo.

Kinachoweza kuzuia ni mti. Kwa mwinuko huo, mti ulio mita 7 magharibi ya dishi huanza kuleta shida ukilizidi dishi kwa mita 10 hivi. Hapa watu hukosea, kwa sababu dishi la aina hii, ambalo mkono wake wa LNB umetokea chini, hupokea kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapoonekana kutazama, na tofauti hiyo huzidi nyuzi 20. Utadhani linatazama migomba ya jirani, ukaikata bure na kuanzisha ugomvi wa mpaka, kumbe mawimbi yanapita juu yake.

Mwezi Septemba utaweza kukagua njia hiyo bila kifaa chochote. Karibu na tarehe 21 au 22, kuelekea saa tisa alasiri, jua hupita nyuma ya setilaiti hiyo kwa mtu wa huku kwetu, kama linavyofanya mwezi Machi karibu na tarehe hizohizo. Ikiwa wakati huo dishi lote liko juani, bila kivuli cha tawi, njia ni nyeupe. Siku hizohizo ubora unaweza kushuka kwa dakika chache kwa sababu jua nalo hutoa kelele za redio, na hali hiyo haihitaji fundi.

Kifaa cha kukuza mawimbi hukuza kelele pamoja na mawimbi. Namba ya nguvu itapanda, lakini ubora hautapanda.

Mwana wa Kibosho:

Nimefuata maelekezo yenu, na sikupanda mwenyewe bali binamu yangu ambaye ni seremala na hana hofu ya paa. Kwa jirani tumekuta ubora 73 kwenye chaneli ileile ambayo kwetu ni 47. Chaneli zote nne zilizokosekana zinaandika kwamba hakuna mawimbi, wala hakuna neno kuhusu malipo. Magharibi ya nyumba kuna mgrivea mmoja, uko mita 9 kutoka kwenye dishi na unalizidi kwa mita 8 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya Mwalimu umepona, na mama amefurahi kwa kuwa ndio unaotia kivuli mikahawa yake.

Bomba la dishi limefungwa kwenye ubao wa ukingo wa paa kwa skrubu mbili tu, na ukilishika linayumba. Binamu aliteremsha uzi wenye jiwe akaona kwamba bomba limeinama. Je, tuanze na lipi?

Fundi wa Majengo:

Anzeni na bomba. Likiinama, vipimo vyote vya pembe vilivyoandikwa kwenye kishikio cha dishi vinakuwa vya uongo, na likiyumba, mtakachokipata leo upepo utakiondoa kesho. Lihamishieni ukutani kwa boliti za kutanuka, mlihakikishe kwa timazi pande mbili, kisha zimeni king'amuzi kwenye swichi ya ukutani kabla hamjagusa konekta, kwa kuwa uzi mmoja wa wavu wa waya ukigusa shaba ya katikati, king'amuzi kinaweza kuungua. Kateni ncha ya zamani, mvae konekta mpya, na mfunge ile ya juu kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Mkiona mawingu ya radi, mshuke.

Baada ya hapo mmoja akae mbele ya televisheni na mwingine juu, wakiwasiliana kwa simu. Sogezeni dishi kidogo sana, mngoje sekunde kadhaa kila mara, kwa maana menyu huchelewa kuonyesha badiliko. Kwanza kushoto na kulia mpaka ubora uanze kushuka pande zote mbili, mrudi katikati, kisha juu na chini vivyo hivyo. LNB ndiyo ya mwisho. Kwa setilaiti iliyo magharibi yetu namna hii, LNB huzungushwa karibu robo duara kutoka mkao wa wima, na fundi aliyezoea madishi ya setilaiti ya nyuzi 36 Mashariki, ambayo kwetu huku hupokea karibu na utosini, huiacha kwa mazoea yake. Izungusheni taratibu kwenye chaneli mojawapo kati ya zile zilizopotea.

Mkifika mahali namba haipandi tena, funikeni uso wa LNB kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Ubora utashuka kama wakati wa mvua, na mtaona kwa urahisi ni mkao upi unaostahimili zaidi. Kazeni nati kwa zamu, kidogo kidogo, huku mkitazama namba, kwani dishi hupenda kusogea wakati wa kukaza.

Mwana wa Kibosho:

Bomba liko ukutani. Konekta ya juu tuliikuta na kutu ya kijani ndani, ingawa ina siku chache tu tangu ifungwe, jambo linalonifanya niamini kwamba haikuwa mpya. Baada ya kuibadilisha, chaneli mbili kati ya nne zilirudi. Kulisogeza dishi kuliongeza ubora kutoka 47 hadi 60. LNB ilipozungushwa, nadhani kwa nyuzi 20 hivi, ulifika 71, na chaneli mbili zilizobaki zikaonekana.

Jana usiku ilinyesha kwa muda wa saa nzima. Nilikaa na menyu wazi, nikaona ubora ukishuka hadi 52 kisha ukapanda tena mvua ilipopungua, na picha haikuganda. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu nyuma ya king'amuzi pamoja na tarehe, na fundi aliyekuja mwanzo amekubali kurudisha nusu ya malipo, ingawa bado anashikilia kwamba ni mlima.