Je, kubadili jina la mhusika kunatosha?

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninaandika muswada wa tamthilia ya runinga ya taifa kuhusu wajane wanaonyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu. Kisa kikuu nilisimuliwa na mama mmoja aliyeridhia nikitumie. Jina lake nimelibadili, lakini watoto wake pacha, shemeji yake fundi saa na nyumba iliyo kando ya mashine ya kusaga vimebaki, kwa kuwa ndivyo vinavyokipa kisa uhai. Muongozaji anataka pia mahakama imrudishie nyumba mwishoni, ilhali mpaka leo hajarudishiwa. Je, nimemtendea haki?

Jibu la kwanza
Dada, jina ndilo jambo jepesi kuliko yote kulibadili, na mtaani kwake halitamdanganya mtu. Pacha, fundi saa na mashine ya kusaga vikikutana katika kipindi kimoja, mashemeji watamtambua mara moja, na wewe utakuwa umeshahamia muswada mwingine wakati yeye bado anaishi jirani nao. Mrudie, umsomee ulichoandika, maana aliridhia kusimulia. Hakuridhia maneno ambayo hajayasikia.

Jibu la pili
Yapo mazingira ambamo jina halisi ndilo haki yenyewe. Januari 2024, ITV ya Uingereza ilionyesha Mr Bates vs The Post Office, kuhusu wasimamizi wa matawi ya posta walioshtakiwa kwa wizi kutokana na hitilafu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Wahusika wakuu walibaki na majina yao, kwa sababu walichafuliwa hadharani na walistahili kusafishwa hadharani. Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo. Mama huyu hakushtakiwa na mtu. Yeye anahitaji stara.

Kuhusu mwisho, nakusihi usikubali. Mjane anayetazama ataamini kwamba hakimu humaliza yote kwa siku moja, kisha aende Mahakama ya Mwanzo bila cheti cha kifo wala muhtasari wa kikao cha ukoo, ambacho mara nyingi huongozwa na walewale waliomfukuza. Mgogoro wa tamthilia yako uko hapo hasa.

Muulizaji
Nimemsomea jana. Pacha na fundi saa aliomba watoke. Akaomba jambo moja libaki: kitasa kilichobadilishwa siku ya arobaini, wakati wageni bado wamekaa jamvini. Hukumu ya furaha nimeiondoa. Muongozaji bado hajakubali, na kesho tunakutana tena.