Kiuno na mgongo: tupeane uzoefu wa mazoezi na mikao

Kiunoimara: Nimekumbushwa jambo na wale wanaouliza humu kama mkanda wa kiuno, ule wa kujifunga kuushikilia mgongo, unasaidia maumivu. Mtu akishikwa na kiuno huambiwa "lala, usijitikise". Anakaa kitandani siku kadhaa, misuli inalegea, viungo vinakakamaa, akiinuka hali ni mbaya zaidi. Atembee, hata dakika tano tano. Leteni mnayoyajua: zoezi gani, linafanywaje, na watu wanakosea wapi.

Pingili: Naanza na kukaa. Nyayo zote sakafuni, nyonga juu kidogo ya magoti, makalio yafike mwisho wa kiti. Kunja taulo ndogo iwe kama gogo, iweke kwenye kibonyeo cha kiuno. Wengi huiweka juu mno. Kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho. Halafu inuka kila nusu saa, maana hakuna mkao unaovumilika saa tatu.

MamaViungo: Hapo pa kuinuka umenena.

Nyonga: Na kuinama je? Weka fimbo mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Legeza magoti, sukuma makalio nyuma. Fimbo ikiachia mahali pamoja, umeanza kukunja kiuno badala ya nyonga. Mzigo uwe karibu na mwili, na ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Asubuhi diski, zile pedi laini kati ya pingili za uti wa mgongo, zimenyonya maji usiku kucha, kwa hiyo saa ya kwanza usiiname sana.

TumboJiwe: Yote hayo sawa, lakini dawa ni tumbo. Lala chali, jiinue mpaka ukae, mara 50 kila siku.

Nyonga: Hapana ndugu yangu! Kila ukijiinua hivyo unaikunja diski na kuibana. Stuart McGill, mtaalamu wa uti wa mgongo wa Kanada, anafundisha mazoezi matatu. Moja: lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, inua kichwa na mabega kidogo tu. Pili: lala ubavu, kiwiko chini ya bega, inua nyonga, anayeanza akunje magoti. Tatu: piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badilisha, kiuno kisididimie. Usizidishe sekunde 10 kila unapokaza. Raundi ya kwanza mara 6, kisha 4, kisha 2, ili uchovu usikuharibie mkao.

TumboJiwe: Wapo wanaojiinua miaka na miaka, hawaumwi.

Nyonga: Wenye migongo mizima. Hapa tunaongelea anayeumwa.

Kifudifudi: Mnabishana mmesahau kisa cha mtaalamu wa tiba ya viungo Robin McKenzie, Wellington, New Zealand, mwaka 1956. Mgonjwa wa kiuno na mguu aliambiwa aingie chumbani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, naye akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda nyuma. McKenzie kurudi, akashtuka. Mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena! Kufanya: lala kifudifudi dakika 2, egemea viwiko dakika 2, kisha viganja chini ya mabega, nyoosha mikono, nyonga zibaki chini, mara 10. Maumivu yakipanda kutoka kigimbini kwenda pajani hadi kiunoni, endelea, hata kiuno kikiuma zaidi. Yakishuka mguuni, acha hapo hapo.

MamaViungo: Loo! Kulala vibaya kumbe ndiyo tiba.

Uti: Tiba ya baadhi! Mtu mzima ambaye miguu humuuma akisimama au kutembea, akikaa au kuinama anapata nafuu, huenda njia ya neva imebanwa. Kupinda nyuma kutamzidishia. Alale chali, avute magoti kifuani, sekunde 10, mara 5.

Kifudifudi: Nakubali. Ndiyo maana nimesema fuata maumivu yanakohamia.

Pingili: Kuhusu mkanda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 haupendekezi mikanda kwa maumivu sugu ya kiuno. Unapendekeza mazoezi.

Uti: Na jamani, ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu: hospitali leo hii. Homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu baada ya kuanguka, usianze zoezi lolote kabla ya kupimwa.

Kiunoimara: Kulala je?

MamaViungo: Ubavu, mto katikati ya magoti. Chali, mto chini ya magoti. Kuamka, geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

TumboJiwe: Nyonga, lile la tatu, mkono unainuka mpaka wapi?

Nyonga: Usawa wa bega. Mguu usipite usawa wa nyonga, ukipita kiuno kinabonyea.