Wakandaji waandikishwe na serikali, au tuwaache tu?

MwanaMbale:
Wandugu leo tubishane kidogo. Siku hizi kila saluni imeweka kitanda nyuma ya pazia na bango nje, moja hapa mtaani limeandikwa "MASAJI: mgongo, presha, sukari, figo, stresi", yaani hospitali nzima kwa chupa moja ya mafuta. Sheria ya tiba za asili na tiba mbadala hapa Uganda tunayo tangu 2019 na inataka waganga waandikishwe. Mimi nasema mkandaji naye aandikishwe, afundishwe, na akiandika figo kwenye bango afungiwe. Mnasemaje?

BodaJinja:
Aandikishwe ya nini, alipe ada halafu bei itupandie sisi? Niko juu ya pikipiki alfajiri mpaka usiku, barabara mnazijua, mgongo ukikaza naenda kwa mama mmoja ananikanda na mafuta ya simsim nalala mpaka asubuhi. Hospitali nitapewa panado na foleni. Na msiniletee habari za risachi, mwili wenyewe unasema umepona.

FizioKla:
Kaka, mwili unasema umepata nafuu, kupona ni maneno mengine. Risachi iko tena si kidogo. Cochrane, wale wanaokusanya majaribio yote ya tiba fulani wakayapima, 2015 walitoa yao ya kukanda na maumivu ya mgongo: majaribio 25, watu zaidi ya 3,000. Nafuu ilionekana ila ya muda mfupi, na walisema wazi kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Shida moja ni kwamba kidonge cha uongo unaweza kumpa mtu asijue, sasa mkono wa uongo utautoa wapi? Lakini kuna utafiti mwingine wa 2011, kule Seattle, Marekani, watu 401 wenye mgongo sugu, waliokandwa kila wiki kwa wiki 10 wakawa afadhali kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida tu. Na hapa ndipo napenda: kukanda kwa kutuliza mwili tu kulifanya kazi sawasawa na kule kwa kitaalamu kwa kutafuta msuli gani una shida. Sasa MwanaMbale, huyo mama wa simsim unataka afundishwe nini?

Kapchorwa_Mbio:
Huku kila kijana anataka kuwa Cheptegei, yule mkimbiaji wetu wa mbio ndefu, na kila kocha atakwambia kukandwa kunatoa asidi kwenye misuli. Uongo mtupu. Ile lakteti, ndiyo hiyo wanayoiita asidi, mwili unaiondoa wenyewe kama saa moja hivi baada ya mbio, ukandwe usikandwe. 2012 watu wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walichukua vijana 11, wakawachosha kwa baiskeli, wakakanda mguu mmoja wakaacha wa pili, halafu wakatoa vipande vidogo vya nyama ya paja wakavipima. Lakteti ilikuwa ileile. Kilichopungua ni dalili za uvimbe ndani ya msuli, hiyo nakubali. Halafu uchambuzi wa 2020 wa tafiti 29 ulikuta kukanda hakuongezi kasi wala nguvu wala pumzi, kunapunguza kidogo tu yale maumivu ya kesho yake na kulegeza viungo. Mimi mwenyewe nakandwa, baada ya mlima ni raha. Ila kijana anayebana hela ya chakula alipie masaji amepotea njia.

NesiArua:
Banange, mnabishana faida tu, hatari je? Mguu mmoja umevimba, shavu la mguu lina moto, ukigusa linauma, na mtu amejifungua juzi au ametoka operesheni au amekaa kwenye basi kutwa nzima: hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Ukisugua, kipande kinaweza kung'oka kikaenda kwenye mapafu na mtu akafa hapohapo. Mgongo nao, ukija na homa za usiku na kukonda usikimbilie mafuta, TB inaingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Na kama miguu inakufa ganzi au mkojo unatoka wenyewe, hospitali leo, si kesho. Mifupa iliyovunjika ikakandwa na maji ya moto sitaki hata kuanza, nitaandika mpaka usiku.

MwanaMbale:
FizioKla jibu lako hilo hapo juu kwa NesiArua. Mikono yake sina shida nayo, afundishwe nani asimguse. Siku mbili zinatosha, si diploma. Na bango liseme kukanda basi, figo itoke.

FizioKla:
Hapo tuko pamoja, ila ukishaanza kuandikisha watu hutaishia siku mbili, utaona mtu analeta ada ya mwaka na koti jeupe la lazima.

BodaJinja:
Ndio nilichosema mimi tangu mwanzo. Haya, siku mbili sawa, lakini somo lije hapa mtaani na liwe kwa Kiswahili, mama wangu wa simsim Kiingereza hasomi. Na hizo siku mbili wateja wake wakandwe na nani, wewe MwanaMbale?