Wino upi uende na kalamu ipi kwa kazi za kila siku?

Karani wa Upanga:

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuandika mihtasari ya vikao, na kwa kuwa sehemu kubwa ya siku huipitisha nikiwa nimeshika kalamu, nimeacha peni za kawaida na kuhamia kalamu za wino. Mkono hauchoki, kwa sababu nibu, yaani ncha ya chuma inayoandika, haihitaji kukandamizwa, na ukurasa ulioandikwa kwa wino una uhai ambao peni haiutoi.

Ninazo kalamu mbili: Lamy Safari yenye nibu ya M (ya wastani) na Pilot Metropolitan yenye nibu ya F (nyembamba). Wino nilio nao ni Iroshizuku Kon-peki, ambao ni buluu angavu sana, na Pelikan 4001 Royal Blue. Kon-peki nimeujaza katika Lamy, na kwenye kaunta buku pamoja na karatasi za kawaida za A4 herufi zinatawanyika pembeni na kuonekana upande wa pili. Pelikan niliyoijaza katika Pilot inatoa mstari safi, lakini hafifu, na wakati mwingine herufi ya kwanza haitoki vizuri.

Je, ipo kanuni ya kuoanisha wino na kalamu, au kila mtu hujaribu tu mpaka apate kinachomfaa? Tena, ningependa kujua wino unaofaa kutia saini kwenye nyaraka zinazotakiwa kudumu.

Fundi Nibu:

Ndugu Karani, kanuni ipo, na kwa maelezo yako naona unavyo vyote unavyohitaji. Kilichobaki ni kubadilishana tu. Jaza Kon-peki katika Pilot, na Pelikan katika Lamy.

Sababu yake ni hii. Ndani ya kalamu, wino husafiri kutoka kwenye hifadhi hadi kwenye nibu kwa kupitia mfereji mwembamba sana, huku hewa ikiingia kwa njia ya kinyume kujaza nafasi iliyoachwa. Wino wa Iroshizuku hutiririka kwa urahisi, ilhali ule wa Pelikan 4001 unajulikana miongoni mwa wapenzi wa kalamu kuwa ni mkavu, yaani unatoka kwa kiasi kidogo, hata kama chupani unaonekana kuwa na maji sawasawa na mwingine. Ukiweka wino mwepesi kutiririka katika nibu pana, karatasi hupokea wino mwingi kuliko inavyoweza kuuhifadhi. Ukiweka wino mkavu katika nibu nyembamba, mstari hupauka. Ukumbuke pia kwamba nibu za Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile, hivyo F ya Pilot, ambayo ni ya Kijapani, na M ya Lamy, ambayo ni ya Ujerumani, zinatofautiana zaidi ya hatua moja.

Kuhusu karatasi, watu wengi huangalia uzito peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Karatasi ya Kijapani ya Tomoe River ilijipatia sifa ikiwa na gramu 52 tu kwa mita ya mraba, nyepesi kuliko karatasi ya fotokopi ya gramu 80, na bado wino haupenyi, kwa sababu kinachozuia wino ni wanga na kemikali zinazotiwa kiwandani ili nyuzi zisinyonye maji ovyo. Kwetu pwani kuna jambo la ziada: unyevu wa hewa huingia katika karatasi iliyoachwa wazi, na karatasi yenye unyevu hutawanya wino zaidi na kuchelewa kukauka. Rimu ikishafunguliwa, irudishe katika kifungashio chake na uihifadhi ndani ya kabati. Utaiona tofauti hasa wakati wa masika.

Bi. Daftari, Nairobi:

Nakubaliana na Fundi kuhusu kubadilishana, nami nitajibu swali la saini, kwa kuwa lina uzito wake.

Usitie saini kwenye hati yoyote ya kudumu kwa Royal Blue. Ni wino mzuri wa daftari, lakini umetengenezwa ili uweze kufutika. Wanafunzi wa Ujerumani huufuta kwa kalamu maalumu yenye kemikali inayoondoa rangi yake, na tone la maji pekee linatosha kuuharibu. Kon-peki nao haukutengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu.

Zipo njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni wino wa chuma, ambao Ulaya iliutumia kwa karne nyingi: chumvi ya chuma huchanganywa na tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi, inayopatikana kwenye vinundu vinavyoota juu ya mialoni baada ya nyigu kutaga mayai. Ukiwa mpya kwenye ukurasa huwa na rangi hafifu, kisha chuma hukutana na hewa, rangi hugeuka kuwa nyeusi, na mchanganyiko wenyewe hauyeyuki tena katika maji. Uingereza iliwataka wasajili wa vizazi, vifo na ndoa watumie wino wa aina hiyo, na Diamine wa Liverpool wanautengeneza kwa jina la Registrar's. Kwa matumizi ya kila siku mimi napendelea Salix wa Rohrer & Klingner, ambao ni mpole zaidi kwa kalamu. Njia ya pili ni wino wenye chembechembe laini za kaboni, kama Carbon Black wa Platinum.

Aina zote mbili zinadai usafi. Usiuache wino ukaukie ndani, usiuchanganye na wino mwingine, na kabla ya kubadilisha rangi suuza kalamu kwa maji baridi mpaka yatoke meupe kabisa. Na wino mweusi wa wachoraji, ule unaotiwa gundi ya shelaki, usiukaribishe kwenye kalamu hata siku moja, kwa kuwa ukishaganda mferejini hautoki.

(Watunzi wa tenzi za pwani walikuwa wakianza kwa kuagiza wino na karatasi kabla ya kutamka neno lolote la kisa. Napenda sana kwamba walivitaja vyote viwili pamoja.)

Mpenda Rangi:

Ndugu zangu, naheshimu ushauri huu, ila naomba nitofautiane kidogo. Kon-peki ukiupitisha katika nibu ya F, unapoteza nusu ya uzuri wake. Wino ule hupendeza pale unapokusanyika mwishoni mwa mkato wa herufi na kukolea, na nibu nyembamba haimpi msomaji nafasi ya kuyaona hayo. Ningekushauri, Ndugu Karani, ununue nibu ya EF (nyembamba sana) ya Lamy peke yake. Nibu za Safari huchomoka kwa kuvutwa mbele taratibu kwa kipande cha selotepu, na nyingine huingia mahali pake bila kifaa chochote. Ofisini utatumia EF, na nyumbani, kwenye barua na karatasi bora, utarudisha M na kuuona wino kama ulivyokusudiwa.

Karani wa Upanga:

Nawashukuru kwa dhati. Nimekwisha kubadilishana, na mihtasari ya leo imetoka bila kupenya. Swali dogo la nyongeza: mwezi ujao nasafiri kwa ndege kwenda Nairobi. Je, kalamu nizibebe zikiwa na wino?

Bi. Daftari, Nairobi:

Zibebe zikiwa zimejaa kabisa au zikiwa tupu, nibu ikielekea juu. Ndege inapopanda, shinikizo la hewa hupungua, na hewa iliyobaki ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Kalamu iliyojaa haina hewa ya kutosha kufanya hivyo. Hata ukija kwa basi, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kalamu iliyojazwa nusu Dar es Salaam ifungue kwa tahadhari, ukiwa na kitambaa mkononi, kabla hujaisogeza karibu na shati.