Kodi ninayolipa Kariakoo inamfikiaje mkulima?

Muuza mabomba, Kariakoo
Ndugu zangu, heshima kwenu. Nina duka la mabomba na koki, na kila robo mwaka nalipa kodi ya makadirio, ile inayokadiriwa kwa mauzo yangu ya mwaka. Wiki iliyopita mama yangu, anayelima mahindi Songea, aliniuliza kwa simu swali nililoshindwa kulijibu: ikiwa wafanyabiashara wa mjini tunalipa kodi nyingi kama ninavyomlalamikia kila mara, mbona mbolea ya ruzuku ilimfikia mahindi yakiwa yameshafika magotini? Naomba mwenye ujuzi anieleze njia inayopita shilingi yangu, na kama ni kweli kwamba viwango vya kodi ya biashara vikipunguzwa, kitakachoumia ni kilimo.

Mhasibu mstaafu, Ubungo
Mpe mama shikamoo yangu, maana swali lake ni zito. Kodi yako, iwe ya makadirio, iwe asilimia 30 ya faida ya kampuni, hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na ikishaingia humo haina jina tena. Kinachofuata ni zamu. Deni la Taifa hulipwa kwanza, mishahara haiwezi kungoja, kisha ndipo miradi ya maendeleo, yaani mabwawa, skimu za umwagiliaji, mbegu na utafiti, hugawana kilichobaki. Makusanyo yakipungua katikati ya mwaka, mshahara hauguswi. Linalosubiri ni bwawa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotolewa ni vitu viwili. Hata hivyo, Bunge liliidhinishia Wizara ya Kilimo takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 na takriban bilioni 954 mwaka 2022/23, huku kodi ya kampuni ikibaki asilimia 30 ileile. Ongezeko lile lilikuwa uamuzi wa ugawaji.

Mwana wa Newala, Mbagala
Mzee wangu, umesema kweli, ila zipo kodi zilizokuwa na jina zikapokwa. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi hulipwa na mfanyabiashara, lakini yeye huuhesabu kabla hajaandika bei yake kwenye mnada wa stakabadhi ghalani, yaani korosho zilizohifadhiwa ghalani kwa risiti, kwa hiyo anayeubeba hasa ni mkulima. Sheria ilitenga asilimia 65 ya ushuru huo kwa maendeleo ya zao lenyewe, hadi Bunge lilipoibadili mwaka 2018 na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu, ingawa wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Nyumbani tunapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia, mara mikorosho inapoanza kuchanua. Salfa ikichelewa, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, hukausha maua, na hakuna bajeti ya mwaka ujao itakayoyarudisha. Naumia nikisikia watu wanajadili ukubwa wa kodi bila kuuliza sheria inaifunga kwa kazi gani.

Muuza mabomba, Kariakoo
Nawashukuru sana. Je, ushuru wa mazao anaotozwa mama nao huenda Hazina?

Mhasibu mstaafu, Ubungo
Hapana, huo hubaki halmashauri. Mwaka 2017 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 5, jambo lililompa mkulima nafuu lakini likapunguza mapato ya halmashauri za vijijini, ambazo hutegemea sana ushuru huo. Mama anaweza kumuuliza diwani wake, mbele ya mkutano wa kijiji, ni kiasi gani cha ushuru huo kilirudi shambani.