Poncho, au koti la mvua na kava la begi? Napanda Kilimanjaro

Mtembezi_Dom: Wakuu, habari zenu. Napanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza na nataka kununua vifaa vya mvua wiki hii. Kuna poncho pana inayofunika mpaka begi, na kuna koti na suruali ya mvua pamoja na kava la begi. Hela inatosha upande mmoja tu. Nichukue kipi?

Kibosho Juu: Mkuu, hujasema mwezi gani wala njia gani. Marangu unalala kwenye vibanda, Machame ni hema. Ukilowa huko huna pa kukaukia. Na begi kubwa nani anabeba?

Mtembezi_Dom: Samahani wakuu. Machame, siku 7, katikati ya Novemba. Kubwa anabeba mpagazi, mimi nina la lita 30.

Mama Neema: Novemba ni vuli, msituni lazima unyeshewe. Kura yangu ni poncho. Hewa inapita chini, na begi limo ndani. Koti la bei rahisi linakulowesha kwa jasho hata kabla mvua haijapenya.

Kibosho Juu: Msituni nakubali, dada. Lakini ukuta wa Barranco unapandwa kwa mikono, na poncho inakuziba usione unapokanyaga. Lava Tower, juu ya mita 4,500, upepo unaigeuza tanga.

Mzee wa Njia: Vijana, mimi kava la begi sina hamu nalo. Mwaka jana mvua ilitupiga msituni kuanzia saa sita mpaka jioni. Kava lilikuwa jipya, halina tundu. Lakini upande wa mgongoni haufunikwi! Maji yalishuka shingoni, yakapita kati ya mgongo na begi, yakapenya kwenye mishono ya mikanda, yakatuama chini ndani ya kava lenyewe kama kwenye beseni. Kufungua begi kambini, soksi za akiba zinachuruzika, sweta huliinui. Nililala na soksi mbichi tumboni ili zipate joto. Tangu hapo nguo nazifunga kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, ndipo naziingiza begini.

chalii_wa_ara: Mzee, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mzee wa Njia: Iliyokatazwa ni ya kubebea bidhaa, mwanangu. Nasema ule mgumu unaokunjwa mdomo, wa watu wa mitumbwi.

chalii_wa_ara: Hapo sawa, ila asije na rambo.

Mama Neema: Dom, pita Memorial pale Moshi, kwenye mitumba. Mwagia koti maji kidogo begani. Yakikaa kama shanga, chukua. Yakinywewa, achana nalo.

Kibosho Juu: Kunywewa si kufa, mama. Ukilifua vizuri na kulipasha joto kidogo, mara nyingi linarudi. Kagua utepe wa mishono kwa ndani. Ukianza kubanduka, hapo ndipo uliache.

Mtembezi_Dom: Asanteni. Kwa hiyo nikikodi koti Moshi, ninunue poncho ya msituni? Na glavu za sufu zitatosha?

Mzee wa Njia: Glavu baadaye. Buti zako zina shingo ndefu? Kushuka kwa njia ya Mweka mvua ikiwa imenyesha, tope linameza kifundo.

Mtembezi_Dom: Ni fupi, mzee.

Mama Neema: Fupi?! Umeshazilipia?