Mrejesho: boila letu la zamani limepita kipimo cha moshi

Wakuu, niliuliza kama boila letu la mvuke linalotumia gesi, la miaka mingi, tulitupe au tulikarabati, maana oksidi za nitrojeni (gesi za moshi zinazochafua hewa) zilizidi kiwango cha kibali. Tumelibakiza.

Ushauri uliotusaidia kuliko wote ni wa kupima kwanza unene wa mabomba na ganda, kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote. Vyote vilikutwa salama, kwa hiyo tulibadilisha kichomeo tu na kuongeza njia ya kurudisha sehemu ya moshi kwenye hewa ya kuchomea. Moshi huo una oksijeni kidogo, hivyo hushusha joto la mwali. Hapo ndipo penye siri, kwani oksidi hizi huzaliwa kwa wingi pale mwali unapokuwa mkali sana. Sasa tuko chini ya kiwango, nimefurahi mno.

Ila angalieni feni! Moshi unaorudi huongeza ujazo wa kusukumwa, na feni yetu ya awali ilizidiwa boila lilipofanya kazi kwa uwezo wote. Tumeweka kubwa zaidi. Pia mwali ukipozwa kupita kiasi, kaboni monoksidi hupanda, kwa hiyo kipimo cha oksijeni kinachorekebisha hewa chenyewe msikubali kikatwe kwenye bajeti. Oksijeni kwenye moshi wetu inakaa karibu 3%.

Kilichobaki ni kifaa cha kupasha maji ya boila kwa joto la moshi. Moshi ukipoa takriban 20°C, ufanisi hupanda kama 1%. Aliyewahi kukifunga anieleze alivyozuia kutu.